Kigeu kimoja, tamko moja: tusafishe matamko kwenye kerneli

Wale ambao hamkuwepo mliomba hotuba yote, hii hapa. Nimeiandika jinsi nilivyoiongea, slaidi nimeziacha, zilikuwa vipande vya kodi tu na vingi nimevieleza kwa maneno. Na nikisema kodi leo namaanisha ya kuandika, siyo ile ya kulipa.

Ndugu zangu, habari za saa hizi. Naona wengine mmekaa karibu karibu na mlango, najua mlisoma mada mkasema huyu leo kaja kutuongelesha kuhusu `extern`, lile neno la lugha ya C la kusema kigeu kimezaliwa kwingine, tukichoka tunasepa. Sawa, sepeni tu, mlango uko wazi. Ila kabla hujanyanyuka nisikilize hii moja.

Niliwahi kuifukuza bagi moja, kosa la kwenye kodi, siku tatu. Ilikuwa draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, mafaili mawili tu, mashine ya biti 64, inapiga kazi vizuri saa nzima, masaa mawili, halafu bila hodi kerneli, kile kiini cha mfumo wa mashine, inaingia paniki, kila kitu kinasimama. Ukiangalia ilipofia unakuta programu fulani bado inasoma bafa, kile kipande cha memori cha kuwekea data, ambayo draiva ilishaiachia. Nani kaiachia? Draiva ina kihesabio kinaitwa `dev_users`, kila anayefungua kifaa kinapanda moja, kila anayefunga kinashuka moja, kikifika sifuri au chini yake ndo bafa inaachiwa. Na hicho kihesabio kilikuwa kinarudi sifuri chenyewe. Chenyewe! Nimesaka kodi yote, hakuna mstari hata mmoja unaoandika sifuri pale.

Nikafanya kile ambacho sote tunafanya, nikaongeza kigeu changu cha kudibagi palepale juu ya `dev_users`. Bagi ikapotea. Nikakitoa, ikarudi. Nikakiweka tena, ikapotea tena. Mnaijua raha ya bagi inayokimbia ukiitolea macho? Usiku wa pili nilishaanza kuisingizia mashine, nikasema hii memori mbovu, nikahamia mashine nyingine, wapi.

Siku ya tatu, nikiwa sina tena la kufanya, nikafungua asembli, yale maagizo ya mashine, iliyotoka kwenye lile faili la pili, la intarapti, yaani la kumjibu kifaa kinapobisha hodi. Kwenye C kuna mstari `dev_wait = 0;`, kifaa kikijibu muda wa kusubiri unarudishwa sifuri, mstari hauna kosa lolote. Lakini kompaila, programu inayogeuza kodi kuwa maagizo, iliutoa kama `movq`. Hiyo q ya mwisho maana yake baiti nane. Na `dev_wait` ninayoijua mimi ni `int`, baiti nne. Nikapanda juu kabisa ya faili, na pale chini ya `#include` ya mwisho kuna mtu kaandika kwa mkono wake: `extern long dev_wait;`

Mmeona? Faili la kwanza linasema `int`. Faili la pili linasema `long`, ambayo kwenye mashine ile ni baiti nane. Faili la pili likiandika sifuri linamwaga baiti nane kwenye nafasi ya baiti nne, na nne zilizozidi zinamwagikia kwa jirani, na jirani ndo `dev_users`. Nilipoweka kigeu changu katikati kikawa jirani mpya, kikawa kinamwagikiwa chenyewe, na kwa kuwa kilikuwa sifuri tangu mwanzo, kupigwa sifuri hakikuonyesha kitu.

Sasa naomba niulize. Kompaila ilikuwa wapi siku zote hizo? Tunawasha maonyo yote, tunajisifu kodi yetu haina onyo hata moja, ilikuwa wapi?

Ilikuwepo, na haikukosea. Wazoefu mnivumilie kidogo hapa niwaelezee wageni. C inakompaili faili mojamoja. Ikiwa ndani ya faili la intarapti haina habari kabisa na faili lingine lolote. Inasoma `extern long dev_wait`, inaamini, inatoa maagizo ya baiti nane na kuacha pengo la anwani. Halafu linka, programu inayounganisha mafaili yaliyokompailiwa, anakuja kujaza mapengo, na hapa linka anaangalia vitu viwili tu, jina na anwani, aina hajui na wala hajawahi kuulizwa. Jina lipo? Lipo. Anwani ipo? Ipo. Basi, kazi imeisha, kila mtu kafanya wajibu wake na kerneli inakufa.

Kuna mambo mawili tunayachanganya kila siku. Kuna tamko, yaani kusema kwamba mahali fulani kuna kigeu (variabo, kama wengi tunavyosema) chenye jina hili na aina hii. Na kuna fasili, yaani kukizaa chenyewe, kukitengea nafasi kwenye memori. Fasili inakuwa moja. Matamko yanaweza kuwa hata elfu. Na `extern` ulioandikwa kwa mkono ndani ya faili la `.c` ni habari ya kuambiwa, umesikia kuna kigeu, umesikia ni `long`, ukaandika. Akili ya kuambiwa changanya na yako, tunasema kila siku, sasa kompaila ichanganye na ipi wakati ulichoipa ni hicho hicho cha kuambiwa?

Na msije mkamlaani aliyeandika. Nilienda kwenye historia ya git, inayotunza nani alibadili nini, nikakuta siku ile anaandika kigeu kilikuwa `long` kweli. Miezi baadaye mwingine akakibadilisha kuwa `int` kwenye faili kuu, kodi ikakompaili safi, akalala. Hakuna aliyedanganya. Ila hakukuwa na mahali ambapo yale maneno mawili yanakutana yakaulizana.

Dawa yake mnaijua, tamko moja, ndani ya heda, lile faili la `.h` ambalo mengine yanalivuta kwa `#include`, na kila anayekihitaji kigeu avute heda. Lakini hapa nisimame kidogo maana wengi tunakosea hapahapa. Faili linalokizaa kigeu NALO livute heda hiyo. Narudia, faili linalozaa nalo livute heda. Kwa nini? Kwa sababu humo ndimo mahali pekee ambapo kompaila inaliona tamko na inaiona fasili kwa wakati mmoja, na vikipishana inapiga kelele sekunde ileile, kwamba aina zinagongana, na inakataa kukompaili. Ukiacha heda ivutwe na watumiaji peke yao hujasafisha kitu, umeuchukua umbea kutoka jikoni ukaupeleka ukumbini. Nimeona pachi, yaani marekebisho ya kodi, nyingi sana za hivyo, zinaitwa usafi, zinapita, na kosa liko palepale.

Linux wana skripti ya kukagua pachi inaitwa checkpatch, ukiandika `extern` ndani ya `.c` inakuonya. Watu wanaipuuza, wanasema ni mambo ya mtindo tu, ya mapambo. Siyo mapambo jamani. Siku tatu zangu ziko pale. Na kuna wanaoificha mbali zaidi, wanaandika `extern` ndani ya fankisheni, katikati kabisa, mstari wa mia nne na kitu, hao sijui niwaambie nini.

(Mtu aliuliza kutoka mbele: kompaila za kisasa haziwezi kuliona hili? Zinaweza ukikompaili kwa LTO, yaani kuboresha kodi wakati wa kuunganisha, maana pale aina zinabebwa mpaka hatua ya mwisho na kompaila ya GCC inaonya zikipishana. Lakini wangapi humu mnajenga kerneli kwa LTO kila siku? Mikono ilikuwa miwili.)

Haya. Tumeona matamko mawili yanayopingana. Na fasili mbili je? Fahali wawili hawakai zizi moja, ila C ya zamani iliwakalisha, tena kwa miaka na miaka.

Twendeni 1975, Unix toleo la sita. Ukifungua `proc.h` ya kerneli ile unakuta muundo wa prosesi, yaani programu inayoendeshwa, umeelezwa, na baada ya mabano ya mwisho, palepale, pameandikwa `proc[NPROC];` bila `extern`. NPROC ilikuwa 50, yaani mashine nzima prosesi 50, raha sana. Sasa ile ni heda, na kila faili la `.c` linaloivuta linaonekana linazaa jedwali lake la prosesi. Mafaili kumi, majedwali kumi. Mbona kerneli ilifanya kazi?

Ilifanya kazi kwa sababu kompaila ya wakati ule ikikuta kigeu cha nje hakijapewa thamani ya mwanzo haikitengei nafasi moja kwa moja. Inamwandikia linka ombi tu, kwamba kuna anayetaka nafasi ya ukubwa huu kwa jina hili. Linka akikuta maombi kumi ya jina moja anayaunganisha anatoa nafasi moja, na ukubwa ukipishana anachukua ulio mkubwa. Mtindo huu mizizi yake ni lugha ya Fortran na `COMMON` yake, memori ya pamoja, ndo maana hadi leo ukipitisha `nm`, kifaa cha kuorodhesha majina, kwenye faili lililokompailiwa hivyo unaona herufi C mbele ya jina.

Tamu eh? Huhitaji kufikiri nani anamiliki nini. Lakini iangalieni draiva yangu kwa jicho hilo. Kama ingekuwa faili moja limeandika `int dev_wait;` na lingine `long dev_wait;`, linka angeunganisha akatoa baiti nane na kila mtu angeishi kwa amani. Mpaka siku mtu mwema mmoja aje aandike `int dev_wait = 5;`. Hapo inakuwa fasili kamili, inashinda maombi yote, nafasi inarudi baiti nne, na jirani anaanza kumwagikiwa. Mtu kaweka thamani ya mwanzo tu, kaua kihesabio cha mwenzake. Utaanzia wapi kumweleza?

MINIX, mfumo wa kufundishia wa Profesa Andrew Tanenbaum, iliyotoka 1987, ililikwepa hili kwa ujanja ambao mimi hadi leo naupenda na siupendi. Kwenye heda vigeu vyote vimetanguliwa na neno `EXTERN` kwa herufi kubwa, ambalo kwa kawaida ni makro, yaani jina linalobadilishwa kabla ya kukompaili, ya `extern`. Isipokuwa faili moja, `table.c`, lenyewe linaweka alama `_TABLE` kabla ya kuvuta heda, na alama ile inaifuta makro, inakuwa tupu. Kwa hiyo mstari uleule ni tamko kwa wote na ni fasili kwa `table.c` peke yake. Naupenda kwa sababu tamko na fasili haviwezi kupishana hata ukitaka, ni maandishi yaleyale. Siupendi kwa sababu ukisoma hujui kigeu ni cha nani, vyote vimezaliwa sehemu moja, na ukitaka kukipa thamani ya mwanzo unaanza kuhangaika.

Halafu ikaja Mei 2020, GCC 10 ikatoka. Swichi ya `-fno-common`, ambayo ilikuwepo siku nyingi kwa anayetaka, ikawa ndo hali ya kawaida. Clang 11, kompaila nyingine, nayo ikafuata mwaka uleule. Maana yake, hakuna tena kuunganisha maombi, kila fasili ni fasili, ukizaa mara mbili linka anagoma. Lundo la programu zikagoma kujengwa. Watu wa Linux wakatulia, kerneli yao ilikuwa inajengwa na swichi hiyo tangu zamani, wakasema hayatuhusu. Mnajua kilichowakuta?

Ndani ya kerneli kuna kifaa kinaitwa dtc, kinachokompaili miti ya vifaa, yale maelezo ya vifaa vilivyomo kwenye mashine. Chenyewe siyo kerneli, kinajengwa kwa ajili ya mashine unayojengea, na swichi zake ni tofauti. Mle ndani kigeu `yylloc` kilikuwa kimezaliwa mara mbili, kwenye lexa, inayokata maandishi kuwa maneno, na kwenye pasa, inayoyapanga. Miaka yote linka alikuwa anaunganisha kimyakimya. GCC 10 ikaingia, kerneli ikagoma kujengwa, kwa sababu ya kigeu ambacho hakimo hata kwenye kerneli yenyewe. Pachi iliyoponya ilifuta mstari mmoja. Mmoja tu.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwangu mimi ndo kubwa kuliko yote niliyosema. Kabla hujahamisha tamko kwenda kwenye heda, kabla hujagusa chochote, jiulize: hiki kigeu kuna sababu ya kuonekana nje? Maana nusu ya usafi siyo kupanga, ni kutupa.

Kuna draiva mbili nilikuwa nazitunza, waandishi tofauti, hawajuani. Kila mmoja kaandika juu ya faili lake `int debug;`. Unalaumu nini, ni jina ambalo yeyote angelichagua. Miaka inapita, wote wanajenga draiva zao kama moduli, vipande vinavyopakiwa pembeni ya kerneli, zinafanya kazi. Siku moja mtumiaji mmoja anajenga kerneli na draiva zote mbili zikiwa ndani, siyo moduli, na linka anakataa, `debug` imezaliwa mara mbili. Nikawaandikia waandishi. Wote wawili wakajibu jibu lile mnalolijua, kwangu inajengwa vizuri. Na ni kweli! Moduli zikiwa mbali kila moja ina majina yake, kisichosafirishwa kwa `EXPORT_SYMBOL` hakionekani nje. Zikiingia ndani ya kerneli zote ziko chumba kimoja, maelfu ya mafaili yanagombania majina yaleyale, na wewe umekuja na jina `debug`.

Neno moja linaponya, `static`, linalokificha kigeu ndani ya faili lake. Na msiniambie mlihitaji kigeu kionekane ili kiwe kigezo cha moduli, `module_param` inafanya kazi na kigeu cha `static` bila tatizo lolote.

Ila `static` siyo mambo ya majina tu. Kompaila ikishajua hakuna faili lingine linaloweza kukigusa kigeu, inapata ujasiri. Kama hakibadilishwi popote inaweza kuweka thamani yenyewe ndani ya maagizo. Kama hakitumiki popote inakuambia. Nilipoweka `static` kwenye zile draiva mbili, dakika ileile nikapata maonyo manne, vigeu vinne havitumiki na mtu yeyote. Vilikuwa vinabeba memori na kubeba macho ya wasomaji, kila mpya akija anajiuliza hiki kinafanya nini, kumbe hakifanyi kitu. Nilivifuta nikiwa nacheka.

Wa kukutafutia hivi vitu yupo. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianzisha kifaa kinaitwa sparse mwaka 2003, ukijenga kerneli kwa `make C=2` kinapita kila faili, na kikikuta kigeu cha nje ambacho hakikutangazwa kwenye heda yoyote kinakuuliza kabisa, hiki hakistahili kuwa `static`? Swali zuri sana. Jibu ni moja kati ya mawili, ndiyo, au umesahau kuvuta heda kwenye faili linalozaa. Rudini kwenye nilichokirudia mara mbili pale mwanzo.

Sasa tahadhari, maana naona vijana macho yamewaka, wanataka wakifika tu wafungue grep, ya kusaka maandishi, wafute kila `extern`. Polepole. Siyo kila kinachofanana na kigeu ni kigeu.

Fungueni xv6, ile kerneli ya kufundishia ya MIT, faili la `kalloc.c`. Kuna `extern char end[];`. Nani kakizaa `end`? Hakuna. Ni alama tu ambayo skripti ya linka, `kernel.ld`, inaiweka pale kerneli inapoishia kwenye memori, ili mgawa memori ajue aanzie wapi kugawa. Anwani yake ndo thamani yake, ndani yake hakuna kitu chako. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliamua kupanga matamko yote yafanane, akaona hayo mabano ya mraba yanakaa vibaya, akaandika `extern char *end;`. Arei, safu ya vitu, na pointa, kigeu kinachobeba anwani, si kitu kimoja? Si tunaambiwa hivyo darasani? Kodi ikakompaili, ikaungwa, ikawashwa, ikafia mwanzoni kabisa wakati wa kupanga memori. Kwa sababu sasa kompaila haichukui anwani ya `end`, inaenda KWENYE anwani ile, inasoma baiti nane zilizolala pale, takataka yoyote, na kuzifanya ndo anwani. Mabano mawili ya mraba, hayo tu.

Na kuna kule ambako kupishana kwa aina kumekusudiwa. Linux ina `jiffies`, kihesabio cha midundo ya taima, na ina `jiffies_64`. Majina mawili, lakini skripti ya linka inayafanya yakae nyumba moja. Kwenye mashine ya biti 32 `jiffies` ni ile nusu ya chini ya `jiffies_64`, ndo maana kwenye mashine za big-endian, zinazotanguliza nusu ya juu, skripti inaongeza baiti nne ili kuifikia nusu hiyo. Yaani ni kosa la draiva yangu lilelile, ukubwa mbili juu ya sehemu moja, isipokuwa hapa wamelifanya makusudi, wameliandika kwenye heda moja, `jiffies.h`, na kila mtu analijua. Anayetaka ile ya biti 64 kwenye mashine ya biti 32 anaambiwa apite kwa `get_jiffies_64()`, maana kuisoma kwa mikono miwili, nusu kwa nusu, taima inaweza kupiga katikati. Na kuna nyongeza naipenda sana: `jiffies` haianzi sifuri, inaanzishwa kwenye thamani ambayo kwa biti 32 itajaa na kuzunguka dakika tano baada ya mashine kuwaka, ili aliyeandika hesabu mbovu ya muda aumbuke mapema badala ya kusubiri wiki. Mtu akija na ufagio hapa akasema mbona vigeu viwili vina maana moja, tufute kimoja, jamani mshikeni mkono.

La mwisho, haraka haraka, jinsi ya kufanya usafi bila kugombana na wasimamizi wa kodi.

Pachi moja, kigeu kimoja, au familia moja ya vigeu. Usichanganye kuhamisha tamko na kubadili jina na kunyoosha nafasi, msomaji atashindwa kujua lipi limevunja. Na ukihamisha tamko tu, bila kugusa aina wala kuweka `static`, maagizo yanayotoka hayatakiwi kubadilika hata kidogo. Basi thibitisha! Jenga kabla, jenga baada, pitisha `objdump -d`, inayoonyesha maagizo, kote kuwili, linganisha. Kitakachotofautiana kiwe namba za mistari tu, zile ambazo `WARN_ON` na makro wenzake za kutoa onyo wanazibeba. Ukikuta zaidi ya hapo umegundua bagi, ama yako ama ya zamani, na zote mbili ni habari njema. Mimi hilo naliandika kwenye maelezo ya pachi, kwamba maagizo ni yaleyale kabla na baada, na msimamizi anapitisha bila maswali mengi.

Tena usitupe kila kitu kwenye heda moja kubwa. Heda ina gharama, ukiigusa kila anayeivuta anajengwa upya. Januari 2022 Ingo Molnar, mmoja wa waandishi wa Linux, alileta mradi wake wa kupunguza uzito wa heda za Linux, ulikuwa na pachi zaidi ya 2,200, mjue tu mlima wenyewe una urefu gani. Kigeu kinachotumika na mafaili mawili ya draiva moja kiwe na heda ndogo ndani ya folda ya draiva hiyo, kisiende `include/linux` kusumbua dunia nzima.

Na ukishaliweka tamko mahali pake, liandikie kufuli lake. Mstari mmoja wa maoni juu yake, kinalindwa na spinloku (kufuli la kuzuia wawili wasikiguse pamoja) gani, au kinaandikwa wakati wa kuwaka tu halafu baada ya hapo ni kusomwa. Tamko ndo mahali pekee ambapo kila mtumiaji wa kigeu atapita. Pachi ya mwisho niliyoipeleka kwenye ile draiva yangu ya siku tatu ilikuwa na mistari sita. Ilifuta `extern long` moja, ikaongeza tamko moja kwenye heda, ikaongeza `#include` mbili, na mistari miwili ya maoni kueleza `dev_wait` analindwa na nani. Nilipokuwa naandika ule mstari wa pili wa maoni ndo nikagundua hakuwa analindwa na mtu yeyote.

Haya, hiyo ni hotuba nyingine. Nimeona mkono kule nyuma, karibu na mlango. Uliza ndugu yangu, kumbe hukusepa.